Kuupima udongo wa Mwezi kwa mwanga wake: pembe kwanza, rangi baadaye

Mtu akiniletea picha ya Mwezi pale studio, simuulizi katumia kamera gani. Namuuliza Jua lilikuwa wapi. Picha inaweza kuwa kali hadi kila kreta ikaonekana ukingo wake, lakini kama hujui pembe iliyokuwapo kati ya Jua, Mwezi na wewe uliyesimama chini, picha hiyo haikuambii chochote cha uhakika kuhusu udongo. Badilisha pembe, na udongo uleule unaong'aa leo utakuwa wa kijivu wiki ijayo, bila punje hata moja kusogea.

Mimi ni mpiga picha, na studio yangu iko Mwanga, hapa Kigoma mjini. Kazi za kila siku ni pasipoti, harusi na kipaimara. Nilivutwa kwenye habari za Mwezi na wavuvi wa dagaa wa Kibirizi. Siku za mbalamwezi taa zao hazivuti samaki, maboti yanapumzika, na kwa hiyo wanazijua tabia za mwezi kuliko kalenda yoyote. Mmoja wao aliniuliza: "Kaka, mbona mwezi ukiwa nusu hautoi hata robo ya mwanga wa mwezi mpevu?" Ni swali zito sana. Mwezi ukiwa nusu, tunaona nusu ya duara imemulikwa, lakini mwanga unaotufikia ni chini ya moja ya kumi ya ule wa mwezi mpevu. Jibu liko kwenye udongo, na unaweza kulifikia mwenyewe kwa vifaa vinavyopatikana mjini hapa.

Kwanza ujue unapima nini. Mwezi hauna hewa, kwa hiyo hata vimondo vidogo kama punje vinafika chini bila kuungua. Kwa mabilioni ya miaka vimeuponda mwamba ukawa vumbi na vipande, na tabaka hilo linaitwa regolithi. Kwenye mabaka meusi lina unene wa kama mita 4 au 5. Kwenye nyanda za juu, zile sehemu nyeupe, hufika mita 10 hadi 15. Sayari ya Zebaki ina tabaka la namna hiyo, na asteroidi, ile miamba midogo inayolizunguka Jua, pia. Huko hakuna mvua wala upepo wa kuzilainisha punje, kwa hiyo zina kona kali, zimekaliana kwa ulegevu na kuacha matundu mengi katikati yake.

Matundu hayo ndiyo yanayoamua Mwezi utang'aa vipi. Ukiwa na Jua mgongoni, unaona nyuso zilizomulikwa tu, kwa sababu kila kivuli kimejificha nyuma ya punje iliyokitupa. Ukisogea pembeni, vivuli vinaanza kujitokeza na uso mzima unafifia. Mwezi mpevu ni usiku ambao Jua liko mgongoni mwetu, ndiyo maana unawaka kiasi kile, na ndiyo maana unaonekana bapa kama sinia: ukingoni unang'aa karibu sawa na katikati. Sababu ya pili ni kwamba mawimbi ya mwanga yanayopita njia moja kwenda na kurudi ndani ya vumbi hujumlishana pale yanapotokea, na nguvu yake huonekana zaidi pembe ikikaribia sifuri. Clementine, chombo cha Marekani kilichouzunguka Mwezi mwaka 1994, kilionyesha mwangaza wa uso wa Mwezi ukipanda kwa zaidi ya asilimia 40 pembe iliposhuka kutoka digrii 4 hadi 0.

Jambo hili unaweza kuliona leo jioni kwenye uwanja wowote wa mpira wenye vumbi. Simama Jua likiwa nyuma yako, kivuli chako kikiwa kirefu, kisha tazama udongo unaozunguka kivuli cha kichwa chako. Pale pameng'aa kuliko pembeni. Mwenzako aliyesimama hatua kadhaa kutoka kwako ataona mng'ao huo kwenye kichwa chake yeye, kwenye chako hatauona. Fanya hivyo kwenye udongo mkavu, usifanye kwenye majani yenye umande, kwa kuwa matone ya umande yanarudisha mwanga kwa njia nyingine kabisa. Wanaanga wa Apollo, Wamarekani waliotua Mwezini, walipiga picha za mng'ao huohuo ukizunguka vivuli vyao.

Meza ya nyumbani

Usikimbilie Mwezi. Anza na udongo unaoweza kuushika, kwa sababu hapo pembe unaipanga wewe.

Tafuta sampuli zinazotofautiana waziwazi: mchanga wa ufukweni Katonga, udongo mwekundu wa kilimani, majivu, saruji, na mkaa uliotwangwa ukawa unga. Kila moja uikaushe kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko mpaka mvuke uishe, kisha iache ipoe (saruji haina haja, imetoka kavu mfukoni). Unyevu kidogo tu unautia udongo weusi, na Mwezi hauna unyevu huo. Halafu chekecha kwa chekecheke la unga, na zilizopita uzichekeche tena kwa kitambaa cha nailoni. Punje kubwa weka kando na ndogo weka kando, uziandike. Mchanga wa Katonga ukiupima hivyo utaona mng'ao wa aina mbili kutoka kwa madini yaleyale: punje ndogo zinang'aa zaidi. Atakayekuambia "udongo huu ni mweupe, kwa hiyo ni wa mwamba fulani" bila kutaja ukubwa wa punje, amekuambia nusu ya habari.

Sasa weka sampuli kwenye kizibo kipana ulichokipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Inyunyize kwa chekecheke kutoka juu, ijae yenyewe. Usiishindilie wala kuisawazisha kwa kidole. Hili nalitilia mkazo kuliko hatua nyingine yoyote ya mezani. Mpwa wangu, aliye kidato cha nne, ndiye huwa ananiandalia vizibo. Jioni moja alikibana kizibo kimoja cha majivu kwa kitako cha glasi, kingine akakiacha, akavipima vyote viwili. "Mjomba," akasema, "hiki nilichokibana kinakataa kuwaka taa ikija karibu na lenzi." Alikuwa ameona jambo ambalo wanasayansi Bruce Hapke na Hugh Van Horn walilieleza mwaka 1963, kabla chombo chochote hakijatua taratibu kwenye Mwezi: unga laini ulionyunyizwa hujijenga kama minara myembamba yenye mapango, na uso wa namna hiyo ndio unaorudisha mwanga kwa tabia ya Mwezi. Uliobanwa hauwezi.

Unahitaji pia kitu cheupe cha kulinganishia. Karatasi ya A4 haifai, ina dawa inayogeuza urujuanimno, mwanga tusiouona, kuwa mwanga wa bluu. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ukanunue ile tepu nyeupe, laini, isiyo na gundi, ambayo mafundi bomba huzungushia kwenye nyuzi za bomba. Ipange tabaka juu ya tabaka kwenye kizibo mpaka weusi wa chini usionekane kabisa. Tepu hiyo ikiwa nene hurudisha zaidi ya asilimia 95 ya mwanga wote tunaouona, na haina rangi yake.

Chumba kiwe giza, na kuta zilizo karibu zifunikwe kaniki. Kamera iangalie chini wima, isisogee tena mpaka umalize. Tochi yenye LED moja ifunge kwenye kamba ya mita moja iliyotoka usawa wa sampuli, ili umbali usibadilike unapoihamisha. Kwa protrakta, iweke tochi digrii 10 kutoka kwenye mstari wa kamera, kisha 20, 30, 45, 60 na 75. Chini ya digrii 5 tochi na lenzi zinagombania nafasi. Hapo chukua kipande cha kioo cha dirisha, kisimamishe kwa digrii 45 chini ya lenzi, umulike kutoka ubavuni: kioo kitarusha sehemu ya mwanga chini kwenye sampuli, na kamera itaona kupitia kioo hichohicho. Mwanga uliopenya moja kwa moja uishie kwenye kaniki.

Mpangilio wa kamera ni wa mkono mwanzo hadi mwisho. ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) 100, apecha (tundu la lenzi) moja, fokasi imefungwa, na faili ni RAW, yaani namba ghafi za kihisi. Kwenye JPEG kamera imeshaupindisha mwanga ili picha ipendeze. Mwanga ukiongezeka mara mbili, namba haiongezeki mara mbili, na hesabu yako yote inaharibika. Simu inayotoa RAW inatosha kwa kazi ya mezani. Piga kizibo cha tepu, piga sampuli, piga tepu tena, kwa sababu tochi hufifia ikipata moto na betri ikishuka. Mwishoni funika lenzi upige picha ya giza.

Fungua faili kwenye Siril, programu ya bure ya wanaastronomia, na usome wastani wa pikseli za kijani katikati ya kizibo. Tuseme picha ya giza imekupa 500, udongo 1,700, na tepu 10,100. Toa 500 kwa kila upande: udongo 1,200, tepu 9,600. Gawanya, unapata 0.125. Kwa pembe ile, udongo wako umerudisha asilimia 12.5 ya kile kilichorudishwa na tepu. Huo ndio weupe au weusi wa udongo ukiwa umegeuka namba.

Chora grafu: pembe chini, namba pembeni. Utaona mkaa unaporomoka kwa kasi pembe inapoongezeka, na majivu meupe yanashuka taratibu. Kwenye unga mweupe mwanga unadunda kutoka punje hadi punje na kuingia hata kwenye vivuli, ukavijaza. Kwenye mkaa unamezwa, kwa hiyo vivuli vinabaki vyeusi kweli. Kwa hiyo mteremko wa grafu unakueleza weusi wa punje na ulegevu wa mpangilio wake kwa pamoja, na hapo ndipo ninapomjibu yule mvuvi. Mwezi kwa wastani hurudisha kama asilimia 12 tu ya mwanga. Ni udongo mweusi, tena uliokaa kwa ulegevu, na vivuli vyake havijazwi.

Mwezi wenyewe

Wapenda astronomia wengi husema mwezi mpevu ndio usiku mbaya wa kuutazama Mwezi, kwa kuwa makreta yanapotea. Kwa kazi yetu ni kinyume. Mwezi ukiwa nusu, unaloona zaidi ni milima na mabonde kwa vivuli vyake. Ukiwa mpevu vivuli vimeondoka, na tofauti zinazobaki ni za udongo.

Saa zetu za Kigoma zinataka uangalifu. Tuko magharibi kabisa ya nchi, karibu na nyuzi 29.6 mashariki, lakini tunafuata saa moja na Dar es Salaam. Jua letu linafika juu kabisa karibu saa 7 mchana. Kwa hiyo mwezi mpevu uusubiri utosini karibu saa 7 usiku, na mwezi nusu wa kwanza karibu saa 1 jioni. Usipime Mwezi ulio chini juu ya milima ya ng'ambo ya ziwa. Pale hewa ni nene na imeshaupaka wekundu. Pima ukiwa umepanda zaidi ya digrii 60, na sisi tulio karibu na ikweta tunaupata hivyo bila shida. Miezi ya Mei na Juni, mvua zikiwa zimekatika na moshi wa kuchoma mapori haujaanza, anga ni safi kuliko Agosti.

Lenzi ya milimita 300 inatoa Mwezi wenye kipenyo cha karibu milimita 2.7 kwenye kihisi, yaani pikseli mia kadhaa, na zinatosha. Kwa mwezi mpevu anza na ISO 100, apecha f/8, shata 1/200, uangalie kwamba hakuna pikseli iliyojaa. Siku nyingine badilisha shata peke yake, kisha ugawanye kwa muda wa shata ili namba zilingane. Kwa Mwezi usitumie simu: baadhi ya simu huutambua Mwezi na kuongeza maelezo ambayo lenzi haikuyaona.

Pembe utaisoma kwenye Stellarium, programu ya kuonyesha anga, nayo ni ya bure. Weka mji wa Kigoma, bofya Mwezi, utaona pembe ya awamu, ndiyo ile pembe kati ya Jua, Mwezi na wewe. Inabadilika kama digrii 12 kwa siku, nusu digrii kwa saa. Sifuri kamili hutaipata ukiwa duniani, maana ukikaribia chini ya digrii moja na nusu hivi Mwezi unaanza kuingia kwenye kivuli chetu. Piga siku mbili kabla ya mpevu, siku moja kabla, usiku wenyewe, na baada yake. Andika pembe kabla ya kuandika kitu kingine chochote.

Hewa ya usiku mmoja si ya usiku mwingine. Njia ya kuikwepa ni kulinganisha sehemu mbili ndani ya picha ileile, kwa kuwa hewa imezipunguza zote sawasawa. Mimi natumia katikati ya Mare Serenitatis (Mare ni jina la mabaka meusi) kama kizibo changu cha tepu, kisha kila sehemu naigawanya kwa hiyo: Mare Tranquillitatis, nyanda za juu za kusini, kreta ya Aristarchus, na miale ya Tycho, ile mistari myeupe inayotawanyika kutoka kreta ya Tycho.

Miale ya Tycho itakufundisha jambo jingine. Ni myeupe kwa sababu ni michanga kwa umri: kreta ile inakadiriwa kuwa na miaka kama milioni 108, umri mdogo kwa Mwezi. Udongo ulio wazi angani hupigwa na chembe zinazotoka kwenye Jua na vimondo vidogo, na punje zake hupata ngozi yenye vichembe vidogo mno vya chuma. Chuma hicho kinautia udongo weusi na wekundu kadiri muda unavyopita. Kwa hiyo ukiona weupe, kabla hujasema "madini tofauti", jiulize kama ni umri.

Rangi na polaraizesheni

Ukishamaliza pembe, rangi inakuwa rahisi. Kwa mwezi mpevu ulio juu, gawanya pikseli za bluu kwa nyekundu, sehemu kwa sehemu. Tranquillitatis itakuja na namba kubwa kuliko Serenitatis, yaani ina ubluu zaidi. Chanzo ni titani iliyo ndani ya ilmenaiti, madini meusi. Wanaanga wa Apollo 11 walitua Tranquillitatis tarehe 20 Julai 1969, na basalti, yaani mwamba wa volkano, waliyoileta ilikuwa na titani nyingi. Kanuni hii inafaa kwa udongo mkongwe wa mabaka meusi peke yake. Usiipeleke kwenye miale michanga wala nyanda za juu.

Polaraizesheni inataka filta ile ya kuzungusha mbele ya lenzi. Mwanga uliodunda kwenye udongo hutetemeka zaidi upande mmoja, hiyo ndiyo polaraizesheni, na kiasi chake hubadilika na pembe. Mwanasayansi Mfaransa François Arago aliiona kwenye Mwezi mwaka 1811, na mwaka 1905 mwanafizikia Mrusi Nikolay Umov akaeleza kanuni yake: uso mweusi zaidi hutoa mwanga wenye polaraizesheni zaidi. Piga Mwezi ukiwa nusu, zungusha filta, tafuta namba ya juu na ya chini kwa kila sehemu. Mabaka meusi yatatikisika zaidi ya nyanda nyeupe. Miaka ya 1920 mwanaastronomia Mfaransa Bernard Lyot alipima hivyo kwa ustadi mkubwa, akalinganisha na sampuli za maabara, na majivu ya volkano ndiyo yaliyofanana na Mwezi. Aliujua Mwezi una vumbi miaka 40 kabla mtu hajaukanyaga.

Tahadhari moja: mwezi nusu uko digrii 90 kutoka kwa Jua, na hapohapo ndipo anga la machweo lina polaraizesheni kali kuliko kwingine kote. Ukipima saa 1 jioni unapima anga la Kigoma. Subiri giza liingie kabisa, saa 2 na nusu hivi. Mwezi bado utakuwa juu vya kutosha.

Kupita uwezo wa kamera

Kihisi cha kamera kinaishia kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 1, na alama kubwa za madini, yaani mawimbi ambayo kila madini huyameza, zinaanzia hapo. Madini ya pairoksini humeza mwanga karibu na mikromita 1 na 2, na yale ya olivini karibu na 1. Kwa alama hizo, mwaka 1970 Thomas McCord na wenzake walionyesha kwamba asteroidi Vesta ina uso wa basalti unaofanana na aina fulani ya vimondo vilivyoanguka duniani, na chombo cha Dawn kilipoanza kuizunguka mwaka 2011 kikathibitisha. Kifaa kilichopanda chombo cha Chandrayaan-1 cha India, kilichorushwa mwaka 2008, kiliona karibu na mikromita 3 dalili za maji au haidroksili (oksijeni na hidrojeni zilizoungana) kwenye udongo wa Mwezi.

Spektra za namna hiyo, yaani vipimo vya mwanga wimbi kwa wimbi, zipo wazi kwenye mtandao. Maabara ya RELAB ya Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, imepima maelfu ya sampuli, zikiwamo za Apollo. Pakua pairoksini moja iliyopimwa kwa ukubwa tofauti wa punje, ichore kwenye Excel, uone jinsi weupe na kina cha alama vinavyobadilika bila madini kubadilika. Kabla hujalinganisha na sampuli za mezani kwako, soma pembe: kipimo cha kawaida cha RELAB ni taa digrii 30, jicho wima. Meza tuliyoipanga inatoa pembe hiyohiyo, kwa hiyo chukua namba zako za digrii 30 na uziache nyingine.